Hesabu ya gurudumu: Mwenye mkokoteni ajue umbali na mwendo, asifanye kazi ya hasara

“NI hapo tu.” Hakuna mwenye mkokoteni wa punda asiyeyajua maneno hayo. Mteja anataka magunia yake ya mahindi yafike mashineni, au madumu ya maji yapelekwe kwenye ujenzi, na akiulizwa ni umbali gani, jibu lake huwa hilo. Bei inapatanwa, punda anaanza kuvuta, na kumbe “hapo tu” ni kilima, bonde na kilima kingine. Jioni mwenye mkokoteni anahesabu fedha zake na kukuta siku imekwisha, mnyama amechoka, na mfukoni hamna cha maana.

Wakulima wa Tanzania wamepambana kwa miaka mingi na lumbesa, ule ujazo wa gunia unaopita kipimo, kwa sababu walitambua kwamba anayekubali kukadiriwa ndiye anayepunjwa. Leo mkulima anadai mizani. Lakini mkulima huyo huyo, anapokodisha mkokoteni wake au anapokodi wa mwenzake, bado anakubali umbali ukadiriwe kwa macho. Kilo inapimwa, lita inapimwa, kilomita inakisiwa.

Hasara ya kukisia haionekani kwa siku moja. Hujilimbikiza kidogo kidogo: safari moja ndefu iliyolipwa bei ya safari fupi, lita chache za maziwa zilizokataliwa kwa sababu zilichelewa, punda aliyeanza kuchechemea bila mtu kujua kwamba mwendo wake ulishapungua wiki mbili kabla. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni mkokoteni mmoja na punda wawili, hayo ndiyo yanayotenganisha biashara na kazi ya bure.

Habari njema ni kwamba kipimo kinachohitajika hakigharimu fedha nyingi. Chombo chenyewe tayari kimefungwa kwenye mkokoteni, nacho ni gurudumu.

Namna ya kupata mzingo

Kanuni ni nyepesi. Gurudumu likizunguka mara moja bila kuteleza, mkokoteni unasogea mbele kwa urefu ulio sawa na mzingo wa gurudumu hilo. Kwa hiyo anayejua mzingo, na anayejua gurudumu limezunguka mara ngapi, anajua umbali.

Waliosoma hesabu shuleni watakumbuka kuwa mzingo hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa 22, kisha kugawanya kwa 7. Tairi la gari dogo ambalo limetumika kwenye mkokoteni na lina kipenyo cha sentimita 62 litatoa mzingo wa karibu sentimita 195. Njia hiyo inafaa kwa makisio ya haraka. Tatizo lake ni kwamba tairi la upepo hubonyea likibebeshwa mzigo, na likibonyea hatua yake huwa fupi kuliko ile ya kwenye karatasi.

Njia iliyo bora zaidi ni kupima gurudumu likiwa kazini. Pakia mkokoteni mzigo wa kawaida na ujaze upepo kama unavyofanya siku zote. Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi pale linapogusa ardhi, na alama nyingine ardhini mahali hapo hapo. Kisha ongoza punda katika mstari ulionyooka mpaka alama ya tairi imerudi chini mara 10 kamili, na hapo weka alama ya pili ardhini. Pima umbali kati ya alama mbili za ardhini kwa utepe wa fundi, halafu gawanya kwa 10.

Sababu ya kutumia mizunguko 10 badala ya mmoja ni kupunguza kosa. Ukikosea sentimita 5 katika kusoma utepe, kosa hilo linagawanywa kwa 10 na kubaki nusu sentimita tu kwa kila mzunguko.

Tuseme umbali uliopatikana ni mita 19.20. Mzingo wa gurudumu lenye mzigo ni mita 1.92. Ukigawanya mita 1,000 kwa 1.92 unapata mizunguko 521 kwa kila kilomita moja. Kwa gurudumu dogo lenye mzingo wa mita 1.60 itakuwa mizunguko 625, na kwa kubwa lenye mita 2.10 itakuwa 476. Namba hiyo ndiyo muhimu kuliko zote, na mahali pake ni ubavuni mwa mkokoteni, iandikwe kwa rangi isiyofutika.

Punje za mahindi mfukoni

Hatua inayofuata ni kuhesabu. Kitambaa chekundu kikifungwa kwenye spoki au kwenye nati ya ringi, mtu anayetembea kando ataona kila kinapopita juu. Wengine hupenda kusikia kuliko kuona: kipande cha mpira wa tyubu kikifungwa kwenye ringi kwa namna ambayo kinagonga ubao wa mkokoteni kila mzunguko, masikio yanatosha na macho yanabaki barabarani. Kazi ya kuhesabu ifanywe na mtu wa pili, si yule anayeongoza punda, hasa kwenye barabara yenye magari na bodaboda.

Ili hesabu isipotee njiani, mhesabuji aweke punje kumi au ishirini za mahindi katika mfuko wa kulia. Kila akifika mzunguko wa 100, ahamishe punje moja kwenda mfuko wa kushoto na kuanza tena moja. Akimaliza safari anahesabu punje na kuongeza mizunguko iliyobaki. Punje 5 na mizunguko 21, kwa gurudumu la mfano wetu, ni kilomita moja.

Kazi hii haifanywi kila siku. Kila njia inahesabiwa mara moja, wakati wa kwenda, na ikiwezekana mara ya pili wakati wa kurudi ili kuthibitisha. Baada ya hapo umbali unaandikwa kwenye daftari: kisimani hadi shuleni, shuleni hadi darajani, darajani hadi sokoni. Mwenye mkokoteni anayefanya kazi katika kijiji kimoja au viwili anaweza kuzimaliza njia zake zote ndani ya wiki moja, na “hapo tu” ya kila mteja ikapata namba yake.

Kutoka umbali hadi mwendo

Mwendo unapatikana kwa kuongeza saa. Hesabu gurudumu linazunguka mara ngapi katika dakika moja, zidisha kwa mzingo upate mita, kisha zidisha kwa 60 na ugawanye kwa 1,000. Kwa gurudumu la mita 1.92, mizunguko 35 kwa dakika ni karibu kilomita 4 kwa saa, mizunguko 43 ni karibu kilomita 5, na 52 ni kilomita 6.

Ipo njia ya mkato ambayo haihitaji kukokotoa chochote barabarani. Zidisha mzingo wa gurudumu, ukiwa katika mita, kwa 3.6. Jibu ni idadi ya sekunde. Mizunguko utakayohesabu ndani ya sekunde hizo ndiyo kilomita kwa saa. Kwa mfano wetu, 1.92 mara 3.6 ni karibu sekunde 7. Gurudumu likizunguka mara 4 katika sekunde 7, punda anakwenda kilomita 4 kwa saa.

Punda anayevuta mkokoteni wenye mzigo kwa kawaida huenda kati ya kilomita 3 na 5 kwa saa, kutegemea njia, mzigo na hali yake. Farasi akitembea hufika kilomita 6 au 7 kwa saa, na akikimbia mwendo wa mchakamchaka hupita 12. Kwa hiyo mwenye punda asijilinganishe na gari la farasi aliloliona kwenye picha.

Bei ya safari

Hapa ndipo hesabu inapogeuka fedha. Chukua mfano wa mwenye mkokoteni mwenye wateja wawili wa maji. Wa kwanza yuko mizunguko 730 kutoka kisimani, yaani kilomita 1.4. Wa pili yuko mizunguko 1,198, yaani kilomita 2.3. Wote wawili humwambia ni hapo tu, na wote humlipa Sh2,000 kwa safari.

Kwenda na kurudi kwa mteja wa kwanza ni kilomita 2.8. Kwa wastani wa kilomita 4 kwa saa, safari inachukua dakika 42. Kujaza na kushusha madumu ni dakika 30. Jumla ni dakika 72. Kwa mteja wa pili, kilomita 4.6 zinachukua dakika 69, na ukiongeza zile 30 unapata dakika 99.

Katika siku ya kazi ya saa 6, mwenye mkokoteni anaweza kumhudumia mteja wa kwanza mara 5 na kupata Sh10,000. Kwa mteja wa pili anaweza kwenda mara 3 tu na kupata Sh6,000, kwa kuwa dakika zinazobaki hazitoshi safari ya nne. Sasa angalia miguu ya punda. Safari 5 za karibu ni kilomita 14. Safari 3 za mbali ni kilomita 13.8. Mnyama ametembea karibu umbali ule ule, lakini bwana wake amepata Sh4,000 pungufu.

Je, bei ya haki ni ipi? Wengi watakimbilia kutoza kwa kilomita peke yake. Mteja wa pili yuko mbali zaidi kwa mara 1.6, kwa hiyo alipe karibu Sh3,300. Hapo mteja atalalamika, na atakuwa na haki, kwa sababu kujaza na kushusha hakuongezeki kwa kuwa nyumba iko mbali. Kinachouzwa hasa ni muda wa punda na mkokoteni. Sh2,000 kwa dakika 72 ni karibu Sh28 kwa dakika. Ukizidisha kiwango hicho kwa dakika 99 unapata Sh2,750. Hiyo ndiyo bei inayomwacha mwenye mkokoteni katika hali ile ile bila kumwonea mteja.

Mfanyabiashara anayekodi mkokoteni naye anafaidika na hesabu hiyo hiyo. Anayenunua nyanya au viazi mashambani na kuvileta barabarani kwa punda akijua umbali wa kila shamba, anaweza kupanga bei ya kununulia kabla hajaondoka nyumbani, badala ya kugundua njiani kwamba usafiri umekula faida.

Ni vyema ikumbukwe kuwa kipimo cha namna hii ni cha daftari la mwenyewe na cha kusaidia mapatano. Vipimo vinavyotumika rasmi katika biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kwa hiyo bei ipatanwe kabla ya punda kuanza kuvuta, na hesabu ya gurudumu iwe ni hoja ya kumshawishi mteja, si mita ya kumlazimisha.

Maziwa hayasubiri

Kwa wafugaji wa ng’ombe wa maziwa, mwendo ni muhimu kuliko umbali. Maziwa yasiyopozwa huanza kuharibika ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa, na jua likishapanda hali huwa mbaya zaidi.

Tuseme kituo cha kupokelea maziwa kiko kilomita 9 na hufungwa saa 3:00 asubuhi. Mkokoteni ukiondoka saa 12:30 kwa mwendo wa kilomita 4.5 kwa saa, utafika saa 2:30, na nusu saa imebaki. Punda huyo huyo akienda kilomita 3.5 kwa saa kwa sababu njia ina tope au mzigo umezidi, atafika saa 3:04, mlango umefungwa. Tofauti ya mwendo ni kilomita moja tu kwa saa, ambayo kwa jicho haionekani. Kwa gurudumu la mfano wetu ni kati ya mizunguko 39 na mizunguko 30 kwa dakika.

Mfugaji anayehesabu anaweza kujua mapema. Akifika nusu ya njia na kuona muda umezidi, anaweza kubadili mpango siku inayofuata: kukamua mapema, kupunguza mzigo, au kugawana safari na jirani. Asiyehesabu hujua akiwa mlangoni, na wakati huo dawa yake pekee ni kumwaga au kugandisha.

Ujanja wa miaka 2,000

Wazo la kulifanya gurudumu lihesabu njia si geni. Mhandisi wa Kirumi aitwaye Vitruvius, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza gari lenye magurudumu ambayo kila mzunguko ulikwenda futi 12 na nusu za Kirumi. Gurudumu lilisukuma jino moja la gia yenye meno 400. Gia ikimaliza mzunguko, gari limekwenda futi 5,000, ambazo ndizo maili moja ya Kirumi, na kokoto moja inadondoka ndani ya chombo cha shaba. Mwisho wa safari abiria anahesabu kokoto. Wachina wa kale nao walikuwa na gari lenye sanamu ya mtu iliyopiga ngoma kila gari lilipokwenda kipimo chao cha umbali kiitwacho li.

Lakini kisa kinachowahusu zaidi wenye mikokoteni ni cha Marekani mwaka 1847. Msafara wa waumini wa Kimormoni ulikuwa ukivuka mbuga za kando ya mto Platte kwa magari ya kukokotwa na wanyama. Kila jioni watu walibishana wamekwenda maili ngapi. Karani wa msafara, William Clayton, alichoka na ubishi huo. Alipima gurudumu moja la gari na kuona kuwa mzingo wake ni futi 14 na inchi 8, hivyo mizunguko 360 ni maili moja kamili. Akafunga kitambaa chekundu kwenye spoki, na Mei 8 mwaka huo akatembea kando ya gurudumu kutwa nzima akihesabu.

Jioni alikuwa na mizunguko 4,070, yaani maili 11 na robo na mizunguko 20 zaidi. Wenzake walikuwa wamekisia maili 13, wengine 14. Walikuwa wamezidisha kwa maili mbili hadi tatu kwa siku moja tu.

Kwa kuwa kuhesabu kwa mdomo kutwa nzima ni adhabu, Orson Pratt, aliyekuwa mtaalamu wa hesabu katika msafara, alibuni mtambo wa gia za mbao, na fundi Appleton Harmon akauchonga. Gurudumu likaanza kujihesabia lenyewe. Mwaka 1848 Clayton alichapisha kijitabu cha njia chenye umbali kati ya vijito, vivuko na mahali pa kupiga kambi, na waliofuata nyuma yao wakajua ni lini watafika kwenye maji.

Mwishoni mwa karne ya 19 ujanja huo uliingia mjini. Ujerumani ilianza kutumia mita zilizofungwa kwenye magari ya farasi ya kukodi ili abiria na mwendeshaji wasigombane kuhusu nauli. Mita hiyo iliitwa taksimeta, na jina teksi linatokana nayo. Ugomvi wa “hapo tu” ulikuwapo Berlin kabla ya kuwapo magari ya injini.

Vifaa vya siku hizi

Huko Ulaya na Marekani bado wapo wanaoendesha magari ya farasi kwa starehe na kwa mashindano. Katika mashindano ya masafa marefu, atakayefika baada ya muda uliopangwa anapoteza pointi, na katika baadhi ya sehemu za njia hata atakayewahi mno anapoteza, kwa sababu lengo ni kuonyesha kwamba anajua kumpimia mnyama mwendo. Wengi wao hutumia kifaa kile kile kinachotumiwa na waendesha baiskeli: kipima mwendo kidogo chenye kioo, waya na sumaku.

Kifaa hicho kinaweza kufungwa kwenye mkokoteni wa punda. Sumaku inabandikwa kwenye gurudumu na kihisio kwenye fremu, vikiwa vimekaribiana kwa milimita chache bila kugusana. Kisha mzingo wa gurudumu unaingizwa kwa milimita, kwa mfano 1920. Ringi ya gari ikiwa ya chuma, sumaku inajishika yenyewe, ingawa ni vizuri kuikazia kwa gundi.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, vifaa hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya baiskeli, ambayo ina kasi kuliko punda. Gurudumu likizunguka polepole, baadhi huonyesha sifuri kana kwamba mkokoteni umesimama. Dawa yake ni kuweka sumaku mbili zinazotazamana na kuingiza nusu ya mzingo, yaani 960 badala ya 1920. Pili, magurudumu makubwa ya mbao yanaweza kuwa na mzingo unaozidi kiwango ambacho kifaa kinakubali. Dawa ni ile ile ya sumaku mbili.

Simu za kisasa zenye kupokea mawimbi ya setilaiti nazo hupima umbali na mwendo bila kufunga chochote. Zinafaa sana kwa kupima njia mpya mara moja. Udhaifu wake ni kwamba hula chaji, na mkokoteni ukisimama kwa muda mrefu simu huweza kuongeza mita ambazo hazikutembewa kwa sababu mahali inapojiona huyumbayumba. Njia bora ni kuitumia simu kuhakiki hesabu ya gurudumu, na gurudumu kuihakiki simu. Zikipishana kwa mita chache katika kilomita moja hakuna neno. Zikipishana kwa mita 100, moja imekosea na inafaa kurudia.

Panapotokea makosa

Gurudumu nalo lina mipaka yake. Upepo ukipungua tairi hubonyea, mzingo hupungua, na hesabu ya mizunguko huongezeka kwa njia ile ile. Kwenye tope gurudumu huweza kuburutwa badala ya kuzunguka, na hapo hesabu hupungua. Kwenye mashimo na mawe gurudumu hupanda na kushuka, hivyo huhesabu zaidi. Kwenye kona gurudumu la nje huenda mbali kuliko la ndani. Kwa biashara ya kijijini makosa haya si makubwa, ila kipimo cha mzingo kirudiwe kila tairi linapobadilishwa.

Mikokoteni mingine ina ekseli inayozunguka pamoja na magurudumu. Hapo sumaku au kitambaa kinaweza kufungwa kwenye ekseli yenyewe, na hesabu ni ile ile.

Daftari la afya ya punda

Faida ambayo wengi hawaifikirii ni ile ya mnyama. Punda ni mvumilivu, na uvumilivu huo humponza, kwa kuwa huficha maumivu mpaka yanapokuwa makubwa. Mwendo wake husema kabla yeye hajaonyesha.

Chagua kipande kimoja cha njia kilicho tambarare chenye urefu wa mita 200, ambazo kwa gurudumu la mita 1.92 ni mizunguko 104. Weka alama mwanzo na mwisho. Mara moja kwa wiki, punda akiwa na mzigo wa kawaida na bila kuchapwa, pima anakipita kwa muda gani. Akitumia dakika 3, anakwenda kilomita 4 kwa saa. Wiki inayofuata akitumia dakika 3 na sekunde 40, mwendo umeshuka hadi kilomita 3.3 kwa saa, na kuna sababu.

Sababu hiyo itafutwe kabla ya kutafuta fimbo. Angalia kwato kama zimerefuka, zimepasuka au zina jiwe. Angalia shingo na mgongo kama hatamu au nira imechubua. Angalia kama beringi za gurudumu zimekauka grisi, kama tairi limepungua upepo, kama mzigo umezidi au umeelemea upande mmoja. Mara nyingi kosa huwa kwenye mkokoteni na adhabu hupewa punda. Yote hayo yakiwa sawa, aitwe mtaalamu wa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nchini Tanzania inalinda mnyama dhidi ya mateso, na kumlazimisha mgonjwa kuvuta ni mojawapo.

Umbali nao husaidia matengenezo. Punda anayekwenda kilomita 14 kwa siku, siku 6 kwa wiki, anatembea kilomita 84. Kwa mwaka zinapita 4,000, ambazo ni karibu sawa na kwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam na kurudi, mara mbili. Hakuna mwenye basi anayeendesha umbali huo bila kukagua magurudumu. Mwenye mkokoteni naye ajiwekee kilomita za kupaka grisi, za kukagua hatamu na za kuchonga kwato, asisubiri mpaka kitu kikatike njiani.

Kutunza mnyama kumekuwa suala la fedha zaidi kuliko zamani. Biashara ya ngozi za punda, zinazotakiwa China kwa kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao, imepunguza punda katika sehemu nyingi za Afrika. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, na ile ya mwaka 2019 takriban milioni 1.2. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Anayempoteza punda leo kwa sababu ya kumchosha anaweza asipate mwingine kwa urahisi.

Pa kuanzia

Anayetaka kuanza hana haja ya kusubiri kifaa. Chaki, utepe wa kuazima kwa fundi seremala, kitambaa, punje za mahindi na daftari la shule vinatosha. Siku ya kwanza apime mzingo na kuandika namba yake mkokoteni. Wiki ya kwanza apime njia zake. Wiki ya pili apime muda wa kupakia, wa kushusha na wa kutembea, kisha apate bei yake kwa dakika. Baada ya hapo, kila mteja mpya anayesema “ni hapo tu” ataulizwa swali moja la ziada: ni karibu na kisima, na shule, au na daraja? Jibu likishapatikana, daftari linafunguliwa na bei inatajwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye mkokoteni, mali hiyo ni hatua za punda wake, na kila moja aliyoitoa bila kuandikwa imekwenda bure.